Kasoro ya Kiwandani au Pigo la Barabarani? Kuchunguza Sarafu za Zamani, Dalili kwa Dalili

Sarafu nyingi zinazouzwa Nairobi kwa jina la "kasoro adimu" ziliharibikia hapa hapa mjini. Moja ilikanyagwa na matatu, nyingine ikabanwa kwenye jiriwa la fundi wa jua kali, nyingine ikasuguliwa kwa Brasso mpaka simba aliyechorwa juu yake akabaki hana uso. Kasoro halisi za kiwandani zipo, tena kwenye sarafu za Afrika Mashariki si chache, ila hazijulikani kwa kuwa na sura ya ajabu. Hujulikana kwa sababu yake: kila alama iliyo kwenye sarafu iliingia kwa njia fulani, na njia zenyewe si nyingi.

Sarafu huanza kama kisahani kitupu cha metali. Kisahani hicho huwekwa ndani ya pete ya chuma inayokizuia kutanuka ovyo, kisha kikagongwa kati ya mihuri miwili, mmoja wa upande wa kichwa na mwingine wa nyuma. Kilichoinuka kwenye sarafu kilikuwa shimo kwenye muhuri. Kwa hiyo muhuri ukipasuka, ukimeguka au ukikwaruzwa, metali hujaza ufa ule na sarafu hutoka na alama iliyoinuka. Sarafu ikikwaruzwa mfukoni au sokoni, alama huzama. Kabla hujatafuta jina la kasoro, jiulize kwanza: imeinuka au imezama?

Vifaa vyenyewe si vya gharama. Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha, na zile wanazotumia mafundi wa simu Luthuli Avenue zinafaa, ila taa zilizojengwa ndani yake uzizime. Tafuta pia mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, sumaku ndogo, na taa ya mezani unayoweza kuishusha. Mwanga utoke ubavuni, karibu usawa wa meza. Taa ikiwa juu kabisa, jicho hudanganyika na kuona shimo kama kilima. Ikiwa ubavuni, kilichoinuka hung'aa upande unaotazama taa na kutupa kivuli upande wa pili. Kilichozama hufanya kinyume. Shika sarafu kwa ubavu wake, usiiguse usoni.

Herufi au tarakimu zinaonekana mara mbili

Dalili hii huleta ubishi kuliko zote. Anza na ncha za herufi. Jina la mfalme kwenye shilingi za kikoloni limeandikwa kwa herufi zenye vijimkia nchani, na vijimkia hivyo ndivyo mashahidi wako. Kijimkia kikiwa kimegawanyika, kikaacha kipengo chenye umbo la V, na nakala zote mbili za herufi zikawa zimeviringa juu kwa vimo vinavyokaribiana, basi picha ilikuwa mara mbili kwenye muhuri wenyewe. Herufi huwa nene kuliko kawaida.

Hutokea hivi. Muhuri wa kugongea hutengenezwa kwa kubanwa na muhuri mama, ambao picha yake imeinuka. Zamani kubana mara moja hakukutosha. Chuma kilibanwa, kikapashwa moto ili kilainike, kikarudishwa kubanwa tena. Kikirudishwa kimepinda hata kwa unywele, picha ya pili haikai juu ya ile ya kwanza. Kila sarafu itakayogongwa na muhuri huo hutoka na mrudio uleule, upande uleule, kwa upana uleule. Hii ndiyo aina ya kweli, yaani tofauti ya kudumu itokayo kwenye muhuri wenyewe, na uthibitisho wake ni kupata sarafu ya pili inayofanana nayo. Mtu akikuonyesha moja tu na hana hata picha ya nyingine, mwachie nayo kwanza.

Sasa tazama ile inayofanana nayo kwa mbali. Nakala ya pili ni bapa, imelala chini karibu na uwanja, yaani sehemu tambarare isiyo na picha wala maandishi, inang'aa kwa namna ya kitu kilichokwanguliwa, na herufi yenyewe imekonda upande huo. Hapa muhuri ulikuwa mzima. Ulilegea mashinini, ukagonga, halafu ukateleza kidogo kabla ya kuinuka, ukakwangua ubavu wa herufi zilizokwisha kuumbika. Kumbuka tofauti hii: mrudio wa muhuri huinenepesha herufi, mtelezo wa mashine huila. Mtelezo ni wa kawaida mno, haurudii kwa namna moja kutoka sarafu hadi sarafu, na kwa maoni yangu haustahili hata shilingi moja zaidi ya bei ya kawaida. Bado ndio unaouzwa kwa mbwembwe zaidi.

Ya tatu ni uchovu wa muhuri. Herufi zilizo karibu na ukingo zina ukungu pembeni, kana kwamba zinavutwa kuelekea nje, huku zilizo katikati zikiwa safi. Hakuna kijimkia kilichogawanyika, hakuna ngazi bapa. Muhuri umegonga sarafu nyingi hadi kingo za maandishi yake zimelika.

Kama ni tarakimu moja ya mwaka tu yenye mrudio na kila kitu kingine ni safi, fikiria chapa ya mkono. Tarakimu ya mwisho wakati mwingine iligongwa kwenye muhuri peke yake, na fundi akiikosea aliirudia. Tafuta mabaki ya tarakimu ya kwanza ndani ya matundu ya 6, 8, 9 au 0, maana huko hayalikiki upesi.

Maandishi fulani hayapo

Kwanza hakikisha yalitakiwa kuwapo. Shilingi ya Kenya ya 1966 hadi 1968 ina picha ya Mzee Kenyatta bila maandishi ya kuizunguka. Maandishi ya kumtaja kuwa Rais wa kwanza yaliongezwa mwaka 1969. Kila mara kuna anayedhani ile isiyo na maandishi ni kosa la kiwanda. Vivyo hivyo shilingi za George VI: zile za kabla ya 1948 zina maneno ET IND IMP, yaani mfalme mkuu wa India, na kuanzia 1948 yakaondolewa kwa kuwa India ilikuwa imepata uhuru. Senti kumi ya 1964 haina jina la mtawala yeyote, kwa sababu hiyo hiyo ya uhuru, safari hii ukiwa wetu. Na sarafu za tundu za 1936 zenye jina EDWARDVS VIII ni halali kabisa, wala si adimu. Ziligongwa kwa wingi kabla mfalme huyo hajaacha kiti, na kwa kuwa zina tundu hazikuhitaji picha ya kichwa chake.

Pili, herufi ya kiwanda. Herufi ndogo H ni ya Birmingham kwenye kiwanda cha Heaton, KN ni ya Kings Norton, I ni ya Bombay na SA ni ya Pretoria. Bombay na Pretoria ziliingia wakati wa Vita vya Pili, njia ya bahari kutoka Uingereza ilipokuwa hatari. Sarafu za kiwanda cha kifalme cha London hazina herufi yoyote, kwa hiyo kukosa herufi si ajabu. Lakini ukikuta sarafu inayosemwa "imekosa H" na bei imepandishwa kwa sababu hiyo, shusha taa chini kabisa na utazame mahali ambapo herufi ingekuwa. Kama kuna mchimbo, au uwanja pale unang'aa tofauti na sehemu nyingine, kuna mtu amepita na patasi.

Kama maandishi yanaonekana kama kivuli tu, hafifu bila kukwanguliwa, kisababishi kikubwa ni grisi. Mafuta ya mashine yakichanganyika na vumbi la metali hugandamana ndani ya mashimo ya muhuri, na metali ya sarafu hukosa pa kuingia. Herufi zilizozibwa huwa na juu palipoviringa na uwanja wake ni mzima. Baada ya sarafu kadhaa grisi hung'oka, maandishi yakarudi. Ndiyo maana haihesabiwi kuwa aina. Ni tukio la muda.

Simba hana manyoya, mfalme hana nywele

Hapa wengi huponzwa: imechakaa, au iligongwa hafifu? Bei hutegemea jibu hilo.

Chukua shilingi ya kikoloni yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Simba ameinuka sana, na upande wa pili kichwa cha mfalme nacho kimeinuka. Kisahani kina metali ya kiasi. Pande zote mbili zinapoivuta kwa wakati mmoja mahali pamoja, haitoshi kujaza zote. Mgongo wa simba ukiwa bapa, geuza sarafu utazame kitu kilicho nyuma ya mahali hapo hapo. Pakiwa na sehemu nene ya kichwa nayo imepungukiwa, mwelekeo wa kwanza ni pigo hafifu.

Kisha tazama ngozi ya sehemu iliyokosekana. Pigo likiwa hafifu, utaona uso wa kisahani cha asili: vijishimo na mikwaruzo midogo iliyokuwako kabla ya kugongwa, na mng'ao wake unaendelea bila kukatika hadi kwenye uwanja. Ukingo utakuwa mzima na herufi kali. Sarafu iliyochakaa ni laini pale juu, rangi imebadilika, na herufi pamoja na ukingo vimelika pia. Vidole havichagui kusugua simba na kuacha ukingo.

Rangi yenyewe hudanganya kwenye shilingi za 1921 hadi 1946. Zina fedha robo tu, sehemu 250 kati ya elfu. Sehemu iliyobaki karibu yote ni shaba. Uso wake ulitoka kiwandani mweupe kwa sababu shaba ya juu ilikuwa imelika kwa tindikali. Mweupe huo ukisuguka, unjano au wekundu hujitokeza kwanza kwenye mashavu ya mfalme na mbavu za simba. Hapo umeona uchakavu wa kawaida. Mtu akikuambia "imegongwa kwa metali isiyo yake", weka kwenye mizani kwanza.

Mistari iliyoinuka

Mstari mwembamba uliopinda-pinda, unaotoka ukingoni, ukapita juu ya herufi na uwanja bila kujali, ni ufa wa muhuri. Ufa huanza mfupi na kurefuka kadiri muhuri unavyoendelea kugonga, kwa hiyo ukipata sarafu tatu za muhuri mmoja unaweza kuzipanga kwa mfuatano wa kugongwa kwake. Mimi hapa ndipo ninapoona utamu wa kazi hii kuliko kwenye kasoro kubwa kubwa. Ufa ukikutana na ukingo sehemu mbili na kipande cha muhuri kikadondoka, sarafu hutoka na bonge tupu lililoungana na ukingo, na herufi zilizokuwa pale zimemezwa. Bonge kama hilo ni kitu cha kuweka. Angalia tu upande wa pili: nyuma ya bonge halisi picha huwa hafifu, kwa kuwa metali ilikimbilia kule kwenye pengo.

Mistari mingi midogo, iliyonyooka, inayokwenda sambamba uwanjani, imeachwa na ung'arishaji wa muhuri. Ina alama moja isiyokosea: husimama kwenye ukingo wa herufi na kuendelea upande wa pili, kana kwamba inapita chini yake. Jiwe la kung'arishia liligusa sehemu iliyo juu kwenye muhuri, ambayo ni uwanja, halikuingia ndani ya mashimo ya herufi. Mikwaruzo ya kusugua sarafu kwa stili wuli hupita juu ya herufi na uwanja pamoja, tena imezama.

Mstari uliopinda vizuri, mbele au juu ya simba, unaofanana na shingo au uso wa mtu, huenda ukawa wa mihuri kugongana yenyewe. Kisahani kikikosa kuingia, mihuri hukutana chuma kwa chuma na kila mmoja huachiana sehemu ya picha yake. Namna ya kuhakiki ni rahisi kwa simu: piga picha ya upande wa kichwa, igeuze kushoto-kulia, kisha ilaze juu ya picha ya upande wa nyuma ukiwa umeififisha nusu ili ya chini ionekane. Mstari ukiangukia sawasawa kwenye mchoro wa uso au shingo ya mfalme, umepata. Usipoangukia, endelea na mengine.

Uwanja una ngozi ya chungwa

Muhuri uliochoka. Vijimfereji hutoka katikati kuelekea nje, herufi huungana na ukingo, uwanja hukosa utulivu. Mchanganyiko wa shaba na nikeli ni mgumu kuliko shaba ya sarafu za tundu, hivyo shilingi za kuanzia 1948 huonyesha hali hii mara nyingi. Ni hatua ya maisha ya muhuri. Iandike kwenye daftari lako kama hatua, usiiuze kama aina.

Tundu haliko katikati

Kwenye senti moja, ndururu na senti kumi za kikoloni, kisahani kilitobolewa kabla ya kugongwa. Tundu la kiwandani lililohama lina kuta laini zilizobanwa, na metali iliyo karibu nalo imeitikia pigo: picha imesukumwa kidogo ukingoni mwa tundu. Tundu lililotobolewa baadaye kwa drili hukata picha bila huruma, huacha kijiukucha cha metali upande wa kutokea, na ndani yake lenzi huonyesha mizunguko ya keekee. Shilingi na sumuni zenye tundu zote zilitobolewa na watu, mara nyingi ili zivaliwe shingoni. Hizo ni mapambo, na zina historia yake.

Senti kumi isiyo na tundu kabisa ni habari nyingine. Tafuta dalili za kuzibwa: duara la rangi tofauti, au mshono. Kukiwa hakuna, ipime, maana kisahani ambacho hakikutobolewa kinapaswa kuwa kizito kuliko wenzake wa mwaka uleule. Nasema mwaka uleule kwa sababu senti kumi za wakati wa vita zilipunguzwa unene. Ukilinganisha ya 1943 na ya 1937 utadhani mojawapo ni kosa.

Uzito au sumaku vinakataa

Shilingi ya Afrika Mashariki, ya fedha robo na hata ya shaba na nikeli iliyoifuata, ina takriban gramu 7.8, sumuni ni nusu yake, 3.9. Uchakavu hupunguza kidogo. Hauongezi. Sarafu iliyopungua sana huku picha ikiwa kali, ubavu ukiwa na mshono mwembamba na uwanja ukiwa na vitundu vya mapovu, imemiminwa kwenye kalibu wala haikugongwa. Ikiwa imepungua na kila kitu kimenywea kwa usawa, pamoja na ukingo, imelowekwa kwenye tindikali.

Shilingi hizo hazivutwi na sumaku. Zile za Kenya za katikati ya miaka ya 1990, za rangi ya dhahabu, huvutwa kwa kuwa ndani ni chuma, na zikipata mchubuko huota kutu kutoka ndani na kuvimba. Uvimbe huo umeinuka, ndiyo, na hapa kanuni yangu ya mwanzo hulegea kidogo: bonyeza kwa kijiti cha meno, kilichovimba kwa kutu au hewa chini ya rangi hubonyea au kubanduka.

Kiini na pete havikai sawa

Hii ni ya sarafu za metali mbili, kumi ya 1994, tano ya 1995, ishirini ya 1998, na ile arobaini ya 2003 ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ambayo si kosa wala hazina kama uvumi unavyodai. Kiini na pete huungana wakati wa kugongwa. Kasoro halisi ina picha inayopita kutoka kiini hadi pete bila kukatika, hata kama kiini kimehama. Picha ikikatika mpakani, au maandishi ya kiini yamezunguka huku ya pete yamesimama wima, kiini kiling'olewa na kurudishwa kwa nyundo. Tazama mpaka wenyewe kwa lenzi. Nyundo huacha mabanzi.

Pande mbili hazitazamani

Shika sarafu juu na chini kwa vidole viwili, izungushe kama mlango. Sarafu za Afrika Mashariki na za Kenya zinapaswa kusimama wima pande zote mbili. Mzunguko mdogo upuuze. Ukifika robo duara, muhuri ulilegea kweli, na hilo haliwezi kughushiwa kwa urahisi.

Heller ishirini za Kijerumani za Tabora

Heller 20, sarafu ya koloni la Wajerumani, ya 1916 yenye herufi T hufika Nairobi kutoka Tanzania, na ukiipima kwa vigezo vya London utaiona yote ni kasoro. Wajerumani walikuwa wamezingirwa vitani, sarafu hazikuingia, wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli ya Tabora kwa shaba nyekundu na ya manjano waliyoipata. Unene hutofautiana, mapigo ni hafifu, nyufa za muhuri zimejaa. Hayo yote yaruke. Kinachotofautisha aina zake ni vitu viwili. Upande wa taji, taji ni kubwa au ni dogo. Upande wa thamani, tazama ncha za L mbili katika neno HELLER: kuna muhuri ambao L zote zimepinda ncha, mwingine zote zimechongoka, na mwingine ni L ya pili peke yake iliyopinda. Andika mseto wa taji na ncha kabla ya kutaja bei, na kama uchakavu umekula ncha zile, andika taji pekee.